Shajara ya mradi: banda la sungura la vizimba 6, Tengeru

Mradi ni banda la nje, vizimba 6 katika safu mbili zinazopeana mgongo, paa la mteremko mmoja. Mahali ni nyuma ya nyumba, Tengeru, chini ya Mlima Meru, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Sungura ni New Zealand White na chotara wa California, mkubwa ana kilo 4 hadi 5.

Ramani yote ilichorwa kwa kufuata mkojo. Paa la kuungaunga linavumilika, mlango unaolalama unavumilika; mkojo usio na njia hauvumiliki. Unaozesha mbao, unakula zinki ya waya, unatoa hewa kali inayowaletea sungura mafua yasiyokwisha, na unaunguza miguu yao. Ndiyo maana maelezo ya sakafu ni marefu kuliko ya paa.

Mwisho wa Mei: hesabu na ramani

Masika yanakatika, ardhi bado laini kuchimba.

Mgawanyo wa vizimba: majike 3, dume 1, na vizimba 2 vya kukuzia vitoto walioachishwa kunyonya. Mimba ni siku 31, kunyonyesha wiki 6. Jike anayepandishwa tena siku ya kuachisha anazaa kila baada ya wiki 10 na nusu. Uzao mmoja unakaa kizimba cha kukuzia kuanzia wiki ya 6 hadi ya 13, yaani wiki 7. Majike 3 wanahitaji wiki 21 za kizimba katika mzunguko mmoja, na vizimba 2 kwa wiki 10 na nusu vinatoa 21. Inatosha bila ziada, mradi majike wapishane wiki 3 na nusu. Ukiwapandisha wote pamoja, vitoto wa uzao wa tatu hawana pa kwenda. Anayetaka jike wa nne ahesabu na kizimba kingine cha kukuzia.

Vipimo vya kila kizimba: upana sm 90, kina sm 75, kimo sm 50. Sakafu iko sm 90 kutoka ardhini. Kati ya safu mbili kuna uwazi wa sm 15, juu linakaa hori la nyasi, chini unapita mfereji wa mkojo. Nje kwa nje banda lina urefu wa m 2.9 (vizimba vitatu na nguzo nne zenye unene wa sm 5) na upana wa m 1.65.

Wazo la kupandisha vizimba juu ya vingine lilikataliwa mapema. Wa juu anamkojolea wa chini hata ukiweka trei, wa chini hana mwanga wa kutosha, na kusafisha trei kunaahirishwa siku ambayo mtu amechoka. Kwa vizimba 6 nafasi si tatizo.

Mwelekeo: urefu wa banda unalala mashariki kwa magharibi. Tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wa Juni jua linaegemea kaskazini nyuzi 27 hivi kutoka utosini, na Desemba linaegemea kusini nyuzi 20. Kwa kila mita ya kushuka kutoka ukingo wa paa, jua la Juni linaingia ndani sm 51, la Desemba sm 36. Paa likitokeza sm 60 pande zote mbili, ukingo wake wa juu ukiwa kaskazini, jua la Juni linagusa sm 14 tu za sakafu ya safu ya kaskazini, na huo ni mwezi wa baridi, halina neno. Ukingo wa kusini uko chini zaidi. Jua la Desemba halifiki kabisa, na upepo baridi wa kusi unakutana na ukingo wa chini wa paa. Sungura anastahimili baridi kavu. Joto ndilo linalomuua: kuanzia nyuzi 30 za Selsiasi anahema kwa shida, na dume aliyepigwa na joto hilo kwa siku kadhaa anapanda bila kutungisha mimba kwa wiki kadhaa.

Kivuli cha mti ni kizuri, lakini si cha mparachichi. Majani yake ni sumu kwa sungura, na upepo unayaangusha mpaka kwenye hori. Huku kwetu kila ua una mparachichi, kwa hiyo banda limesogezwa mita 8 kutoka kwenye shina.

Vifaa vilivyonunuliwa:

- mbao 2x4: futi 14 vipande 2, futi 12 vipande 4, futi 10 vipande 6
- mbao 2x2: futi 10 vipande 8, futi 12 vipande 4 (papi, za kupigilia bati)
- mbao 1x2 kwa milango, na 1x12 ya futi 12 kwa masanduku ya kuzalia, vipande 2
- mabati ya mita 3, geji 30, vipande 5
- wavu wa kuchomelewa, nusu inchi kwa inchi 1, geji 14, upana sm 90: mita 8
- wavu wa inchi 1 kwa inchi 2, upana sm 90: mita 6
- wavu wa kuku wa kufunika juu: mita 5
- nondo ya mm 8, vipande 2 vya m 2.9
- saruji mifuko 3, bomba la PVC la inchi 4 mita 3, nailoni nzito ya geji 1000, bati tambarare 1

Mbao ni saiprasi isiyotiwa dawa. Zile zenye rangi ya kijani zimetiwa shaba, kromu na aseniki; sungura anatafuna kila kitu kinachofikiwa na meno, kwa hiyo hazifai hata kwa bei ya kutupa.

Juni, wiki ya kwanza: misingi

Mashimo 8, kila moja sm 30 kwa 30, kina sm 40. Kamba zilipimwa kona kwa kona: kwa m 2.9 kwa m 1.65, kamba ya mshazari lazima isome m 3.34 pande zote mbili. Ikitofautiana zaidi ya sm 1, rudia, maana wavu ulionyooka hauendi kwenye fremu iliyopinda.

Zege ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kila msingi umetokeza sm 15 juu ya ardhi, na ndani yake imezamishwa flati ba (pau bapa la chuma) iliyokunjwa umbo la U. Mguu wa mbao unaingia kwenye U na kukazwa kwa bolti 2 za mm 10. Kati ya mbao na zege pameachwa sm 2, maji yasipande kwenye mbao na mchwa wasipate njia ya siri, wakija, wanaonekana. Pima unene wa mbao kabla ya kukunja flati ba. Inayoitwa 2x4 sokoni mara nyingi ina sm 4.5 badala ya 5, na nguzo inayocheza ndani ya U haikazi hata kwa bolti nne.

Uzito wa kila msingi ni kama kilo 120. Si anasa. Paa la mteremko mmoja lililo wazi pande mbili linanyanyuliwa na upepo kwa chini, na banda lenyewe ni jepesi.

Zege limemwagiliwa kila siku kwa wiki moja kabla ya kubebeshwa nguzo.

Juni, katikati: fremu

Nguzo 4 za kusini zina m 1.78, nguzo 4 za kaskazini m 2.08. Futi 12 inatoa nguzo fupi mbili, futi 14 inatoa ndefu mbili, na kinachobaki ni kama sm 10 kwa kila mbao. Tofauti ya sm 30 juu ya upana wa m 1.65 inatoa mteremko wa nyuzi 10, unatosha kwa bati. Ukingo wa chini wa paa uko m 1.84 kutoka ardhini. Ukiushusha zaidi, kila anayelisha asubuhi atajigonga paji la uso.

Boriti 4 za kuvuka, kila moja m 1.65, zimefungwa kwa bolti ubavuni mwa nguzo, chini kidogo ya usawa wa sakafu. Juu yake zinalala reli 4 za 2x2: mbili mbele, mbili kwenye uwazi wa katikati. Reli nyingine 4 ziko sm 50 juu yake.

Sehemu inayooza kwanza kwenye banda lolote la sungura ni reli ya nyuma ya sakafu. Sungura anachagua kona moja ya kukojolea, na mara nyingi ni ya nyuma. Kwa hiyo kabla ya wavu kuwekwa, kila reli ya katikati imevishwa utepe wa bati tambarare uliokunjwa pande tatu, ukingo wake wa chini ukitokeza sm 2 ili tone lidondoke badala ya kuzunguka na kurudi kwenye mbao. Kazi ya nusu siku, na inaongeza miaka.

Juni, mwisho: paa

Papi nne za 2x2. Futi 12 imepungua sm 9 kwa urefu wa paa wa m 3.75, bati linajitegemea sm 4 na nusu kila upande, hakuna shida. Mabati 5 yakipandiana mkunjo mmoja yanafunika sawasawa. Misumari imepigwa mgongoni mwa mkunjo wa bati, si bondeni.

Bati tupu saa nane mchana linamwaga joto kichwani mwa sungura. Chini ya papi kumetandazwa dari ya mabanzi membamba, uwazi wa sm 5 ukibaki kati yake na bati, ncha zote mbili wazi ili hewa moto itoke upande wa juu. Upande wa mashariki umezibwa kwa mbao kutoka sakafuni hadi paa. Magharibi umezibwa nusu ya juu tu. Kusini na kaskazini pako wazi, na turubai la kuteremsha usiku upande wa kusini kwa Juni na Julai. Likiteremshwa liache sm 20 juu. Ukilifunga lote unabadilisha baridi kwa amonia, ile hewa kali ya mkojo, na sungura anaugua kwa amonia mapema zaidi.

Julai, wiki ya kwanza: sakafu

Hapa ndipo pesa imekwenda.

Wavu ni wa kuchomelewa, geji 14. Namba ya geji ikipanda waya unapungua unene. Geji 16 inafaa sungura wa chini ya kilo 4 na kizimba chembamba. Wavu wa kuku haufai sakafuni hata kwa muda: waya wake ni mwembamba unakata nyayo, unabonyea, na unashika kutu haraka. Juu ya kizimba unatosha.

Dukani angalia maungio. Kama zinki imefunika ungio kama tone laini, wavu umechovywa baada ya kuchomelewa. Kama ungio lina alama ya kuungua au weusi, zinki ilitangulia na moto ukaichoma, na kutu itaanza hapohapo. Bei zinakaribiana, uimara haukaribiani.

Wavu una pande mbili. Nyaya zilizokaribiana, za nusu inchi, ndizo zitazame juu, maana ndizo zinazobeba unyayo. Ukiugeuza, sungura anakanyaga nyaya zilizoachana inchi nzima na uzito wote unakaa kwenye nyaya mbili tatu. Baada ya miezi michache manyoya ya kisigino yanaisha, kidonda kinafunguka, na jike mwenye kidonda hakai na watoto wake. Waya ulioinama au wenye kutu unaleta kidonda kilekile.

Kila kipande kimekatwa sm 90 kwa 90. Sm 75 ni sakafu, sm 7.5 mbele na sm 7.5 nyuma zimekunjwa kwenda juu. Mkunjo huo unazuia kitoto kilichotoka kwenye sanduku kisipenye kwenye wavu mpana wa hori au mlango. Kukunja: bana wavu kati ya mbao mbili kwenye mstari, gonga taratibu kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni. Ncha zote zilizokatwa zimepigwa tupa. Pitisha kiganja chote kwa ndani, juu, chini na kwenye kona. Kinachokwaruza mkono kitakwaruza chuchu.

Wavu umefungwa ndani ya reli kwa misumari ya U kila sm 5, ili meno yakutane na waya kabla ya mbao. Chini, katikati ya kina, inapita nondo ya mm 8 juu ya boriti zote nne. Ni ya mviringo kwa makusudi. Ukiweka ubao bapa hapo, vinyesi vinakaa juu yake na kutengeneza kigongo kinachoshika mkojo.

Kipimo cha kukubali: dumu la maji la lita 10 katikati ya kizimba, sakafu isibonyee zaidi ya sm 1. Vizimba viwili vilikataa, vikakazwa upya kwa kuongeza misumari nyuma.

Asiyeweza kumudu wavu atumie mianzi iliyopasuliwa, upana sm 2.5, nafasi sm 1.3 hadi 1.5, upande wa ganda juu. Nafasi ya sm 2 inameza mguu wa kitoto, chini ya sm 1 vinyesi havianguki. Iwe fremu ya kutoa na kuanika juani, kwa sababu mwanzi unanyonya mkojo. Kwa Flemish Giant, anayepita kilo 6, mwanzi au ubao wenye nafasi ni bora kuliko waya wowote.

Kila kizimba kimepewa ubao wa kupumzikia, sm 25 kwa 40, usio na rangi. Zipo mbili kwa kila kizimba, moja ndani, moja inaanikwa.

Julai, katikati: njia ya mkojo

Chini ya kila safu kuna mteremko kutoka ukingo wa mbele kwenda katikati: mbele uko sm 80 kutoka ardhini, katikati sm 55. Sm 25 za kushuka katika sm 75 za kwenda. Ukipunguza hapo, vinyesi vinakaa, vinaloana, na nzi wanapata kazi. Mteremko umejengwa kwa mabanzi, juu yake nailoni ya geji 1000, kipande kimoja kwa kila upande bila kiungo. Bati halikuwekwa kwa sababu mkojo wa sungura unalitoboa. Chumvi yake inaganda nyeupe na chini yake zinki inaliwa.

Miteremko miwili inakutana juu ya bomba la inchi 4 lililopasuliwa kwa urefu. Bomba limeinama sm 6 katika m 2.9 kuelekea magharibi, linamwaga kwenye dumu la lita 20 lenye mfuniko uliotobolewa. Juu ya bomba kuna wavu wa robo inchi. Kinyesi cha sungura kina kipenyo cha karibu sm 1, kwa hiyo wavu wa nusu inchi unakipitisha, na wavu wa mbu unazibwa na manyoya siku hiyohiyo. Robo inchi inashikilia vinyesi na kupitisha mkojo, ila manyoya yatolewe kwa brashi kila baada ya siku mbili.

Vinyesi vinavutwa kwa reki fupi kupitia uwazi wa sm 10 chini ya ukingo wa mbele. Vinaweza kwenda shambani moja kwa moja bila kuozeshwa. Mkojo si hivyo: mbichi unaunguza majani. Kwa migomba na mboga tunaanza na lita 1 kwa lita 20 za maji, jioni, kwenye udongo kwanza.

Julai, mwisho: milango, hori, maji

Mlango una upana sm 45 na kimo sm 40. Kipimo hiki kimetoka kwenye sanduku la kuzalia, ambalo ndani lina sm 30 kwa 30 lakini nje, ukijumlisha unene wa mbao, linafika sm 35. Mafundi wengi wanatengeneza mlango wa sm 35, kisha sanduku halipiti au linapita kwa kusukumwa huku jike mwenye mimba akirukaruka ndani. Kizingiti kiko sm 7.5 juu ya sakafu, sawa na mkunjo wa wavu. Mlango unafunguka kwa nje na una bawaba 2 na komeo la kuzungusha. La kusukuma linafunguka kwa kutikiswa na mbwa.

Hori ni umbo la V katika uwazi wa sm 15, wavu wa inchi 1 kwa 2, safu zote mbili zinavuta nyasi humo. Sehemu ya chini imezibwa kwa utepe wa bati. Bila utepe huo kila unyasi unaodondoka unaishia kwenye mfereji wa mkojo, na mfereji ukiziba mara moja unafurika hadi kwenye reli.

Nyasi ni mabingobingo na marando ya viazi vitamu, vyote vilivyonyaushwa kivulini tangu jana yake. Majani mabichi yenye umande yanajaza gesi tumbo la kitoto aliyeachishwa, na hiyo inaua ndani ya usiku mmoja. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo hayaingii bandani.

Maji: ndoo nyeusi ya lita 20 ndani ya kivuli cha paa, sm 60 juu ya niplo (vichuchu vya kunywea maji), mpira mweusi kuzunguka vizimba vyote, niplo moja kwa kila kizimba sm 20 kutoka sakafuni. Mpira unaopitisha mwanga unaota ukijani ndani na niplo zinaziba. Ncha ya mwisho ya mpira ina koki; ifunguliwe kila unapojaza ndoo ili hewa itoke, la sivyo niplo za mwisho zinakauka huku ndoo imejaa. Jike mwenye watoto wanane anaweza kumaliza lita 2 kwa siku na zaidi, na maziwa yanakatika haraka maji yakikatika.

Maji ya chemchemi na visima vya Meru yanajulikana kwa floridi nyingi, madini yanayodhuru meno na mifupa, ndiyo maana tunataka kukinga mvua. Paa hili lina eneo la karibu mita za mraba 10.7, mvua ya mm 10 inaleta kama lita 90 baada ya upotevu. Gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, itawekwa ukingo wa kusini kabla ya vuli.

Agosti: siafu, kisha kuhamia

Kabla ya sungura yeyote kuingia, nguzo zote zimevishwa kofia ya bati: duara la kipenyo cha sm 40 lililokatwa na kukunjwa kama mwavuli, sm 60 kutoka ardhini, kiungo kimezibwa kwa lami. Chini ya mwavuli, kwenye nguzo, pamepakwa grisi upana wa sm 5. Grisi iliyopakwa mahali pa wazi inaoshwa na mvua na kufunikwa na vumbi mpaka inakuwa daraja. Chini ya kofia inabaki laini. Siafu wakipata njia wanamaliza vitoto wote wa sanduku moja usiku mmoja, na mama hana la kufanya. Kofia hiyohiyo inamzuia panya. Inabaki kazi moja ya kila wiki: kukata unyasi au tawi lolote linalogusa nguzo juu ya kofia, na kutoegemeza kamwe jembe kwenye banda.

Sungura walikaa siku 14 kwenye vizimba vya muda upande mwingine wa ua. Cha kutazama ni kamasi puani, manyoya yaliyogandamana ndani ya mikono ya mbele (anafuta pua humo), magamba masikioni na kuhara. Mmoja mwenye magamba masikioni alitibiwa na kubakizwa nje.

Mambo yaliyoonekana baada ya kuhamia:

Dume anarusha mkojo kwa jike wa jirani kupitia wavu wa ubavuni. Kipande cha bati tambarare kimo cha sm 30 kimewekwa kati yao, kikaacha wavu wazi juu kwa hewa.

Niplo mbili zilidondosha. Sababu ilikuwa mchanga kwenye mpira. Kitambaa cha kuchujia kimefungwa mdomoni mwa ndoo, na niplo zikasafishwa kwa kugongwa kidole mara kadhaa. Niplo inayodondosha juu ya kona ya mkojo ni mbaya maradufu: mkojo uliochanganyika na maji unatoa amonia haraka kuliko ulio mtupu.

Kipimo cha amonia: chuchumaa mpaka pua iwe usawa wa sakafu ya kizimba, kaa hapo dakika moja, asubuhi kabla turubai halijapandishwa. Ukisikia kuwasha machoni, sungura wamelala humo usiku kucha. Kipimo cha mtu aliyesimama hakina maana.

Septemba: masanduku na uzao wa kwanza

Sanduku lina urefu sm 40, upana sm 30, kimo sm 30. Mbele sm 15 tu. Mbao ya 1x12 ya futi 12 inatoa masanduku mawili. Plaiwudi ilikataliwa: mkojo unaachanisha tabaka zake na gundi inabaki mdomoni. Sakafu ya sanduku ina matundu 6 ya mm 10. Ndani ni nyasi kavu hadi nusu, zimebonyezwa katikati kwa ngumi kufanya shimo.

Jike anapelekwa kwenye kizimba cha dume, si kinyume chake. Jike kwenye makao yake anapigana. Sanduku linaingia siku ya 28. Likiingia siku ya 20 analifanya choo, na vitoto wanazaliwa juu ya samadi. Likichelewa anazaa juu ya waya, na kitoto asiye na manyoya hafiki asubuhi. Limewekwa upande wa mbali na niplo, mlango wake ukitazama ubavuni, upepo wa kusi usiingie moja kwa moja.

Uzao wa kwanza umekaa vizuri. Macho yanafunguka karibu siku ya 10. Sanduku linatolewa wiki ya tatu, kwa sababu baada ya hapo linakuwa bwawa la mkojo na chimbuko la koksidia, vimelea vya tumbo vinavyoharisha. Mayai ya koksidia yanahitaji siku 2 hivi nje ya mwili ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo ubao wa kupumzikia na mikunjo ya wavu inakwanguliwa kila siku, vinyesi chini vinavutwa kila siku ya pili. Dawa nyingi za kusafishia haziyaui. Maji yanayochemka au moto ndiyo dawa. Manyoya kwenye wavu yanachomwa kwa bloutochi, moto ukipitishwa haraka, kizimba kikiwa kitupu. Ukisimama sehemu moja zinki inaungua, na moshi wake ni sumu.

Oktoba, kabla ya vuli

Wavu: hakuna kutu. Utepe wa bati kwenye reli ya nyuma ya kizimba cha dume umeanza weupe wa chumvi. Umeoshwa kwa siki na kusuguliwa. Grisi imeongezwa chini ya kofia zote 8, maana siafu huku wanatembea mvua zikianza. Nailoni upande wa kaskazini imechanika sm 4 ilipokwaruzwa na meno ya reki. Imebandikwa kiraka, na reki imebadilishwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira.

Kazi iliyobaki: gata ya kusini, na kizimba cha kudumu cha karantini, kile kile cha sm 90 kwa 75, mita 20 au zaidi kutoka hapa, upande ambao upepo unaelekea.